Kukagua Miamala ya Fedha: Ujasusi au Amana?

  

Mama mmoja wa hapa Mombasa ameniletea swali, na kwa idhini yake nalijibu hapa, kwani najua halimhusu yeye pekee. Bintiye amehitimu chuo kikuu katika masomo ya biashara, na ameitwa kazini katika benki, kitengo cha uzingatiaji wa sheria. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya tarakilishi, kutazama miamala ya wateja, na ile yenye kutia shaka kuiandikia ripoti. Asema mama huyu kwamba habari haijatimiza juma moja mtaani, na binti amekwisha kupewa jina la “jasusi wa Waislamu”. Babake amenyamaza tu, na kunyamaza huko mama ameshindwa kukufasiri. Auliza: kazi hii ni halali? Na je, mtoto wa kike wa Kiislamu yampasa kuifanya?

Ndani ya swali hili mna mawili. Moja ni la kazi, jingine ni la mahali pa kazi. Hilo la pili, la benki na riba, limesemwa sana mimbarini na nitalipitia mwishoni. La kwanza ndilo ambalo sijaona likielezwa, nalo ndilo lililowapa majirani maneno.

Basi tuanze kwa kuielewa kazi, maana wengi waihukumuo hawajapata kuiona. Mtu anapofungua akaunti huulizwa jina, kitambulisho, shughuli yake, na pato lake latoka wapi. Majibu hayo ndiyo huwa mizani yake. Mwalimu aliyeandika kwamba mshahara wake ni shilingi 40,000 kwa mwezi, akaunti yake ikipitisha milioni tatu kwa siku nne, programu ya tarakilishi itapiga kengele. Kengele si hukumu. Ni swali. Hapo huingia mkaguzi: hutazama mwenendo wa akaunti tangu zamani, fedha zimetoka kwa nani, zimekwenda kwa nani, zimekaa siku ngapi. Pengine mwalimu ameuza kiwanja cha urithi na hati ya mauzo ipo; faili hufungwa na sababu ya kulifunga ikaandikwa. Pengine maelezo hayapatikani. Faili hupandishwa kwa afisa mkuu aliyepewa dhamana ya kuripoti, naye akiona shaka ina msingi huipeleka katika kituo cha serikali kinachopokea ripoti hizo. Kengele zilizo nyingi mno huishia kufungwa. Kwa hivyo sehemu kubwa ya siku ya mkaguzi hupita katika kuthibitisha kwamba watu hawana makosa, jambo ambalo majirani hawakulihesabu.

Yote haya yamo katika Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya mwaka 2009. Sheria hiyo haikuzitaja benki peke yake. Imewaingiza pia wenye maduka ya kubadilisha fedha, kasino, mawakala wa nyumba na mashamba, wauzaji wa madini ya thamani na vito, na wahasibu. Taslimu yenye kufikia thamani ya dola 15,000 za Marekani huripotiwa hata kama haina shaka yoyote; kabla ya marekebisho ya mwaka 2023 kiwango kilikuwa dola 10,000. Na kumbukumbu za miamala huhifadhiwa kwa muda usiopungua miaka 7. Mwenye kusoma aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, iliyo katika Suratul Baqarah, aliyeona namna Mola wetu alivyoamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu, hatashangazwa na daftari la miaka saba.

Sasa tuje katika ujasusi. Ni kweli, na wala si neno la kupunguzwa uzito, kwamba Suratul Hujurat imetukataza kudhania dhana nyingi na imetukataza kupelelezana. Kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) ni mashuhuri: kwamba alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mwenye nyumba katika maasia, na yule mtu akamhesabia Khalifa makosa yake matatu, kuwa amepeleleza, amepita pasipo mlangoni, na ameingia bila ya kubisha hodi na kutoa salamu. Umar akamwacha. Na Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, alipoandika juu ya kazi ya muhtasibu, yule msimamizi wa soko na wa mambo ya dhahiri, alimkataza kuchimbua yaliyofichika na kupasua sitara za watu. Lakini aliacha mlango mmoja: pale mtu mkweli anapoleta habari ya jambo ambalo likitendeka haliwezi kurudishwa, kama kuuawa mtu, hapo kungoja mpaka lidhihiri ni kupoteza.

Tupime kazi ya binti huyu kwa mizani hiyo. Mteja hakuchunguliwa dirishani. Amekuja mwenyewe kwa mlango, ameweka saini, ameambiwa kwamba miamala yake itaangaliwa. Benki haitazami alichokula wala anayeishi naye. Yatazama kilichopita katika mkono wake yenyewe, kama wakili anavyotazama mali aliyokabidhiwa asije akatumiwa kupitisha ya wizi. Huo ni usimamizi wa soko. Lakini binti huyohuyo, siku atakayofungua akaunti ya binamu yake ili tu ajue mume wake humtumia kiasi gani, au aangalie salio la familia iliyoleta posa nyumbani, hapo hapana kengele iliyolia wala faili alilopewa. Hapo jina la jasusi limempata kwa haki, na haramu yake haina shaka, na mwajiri pia atamfukuza. Mstari kati ya hali hizi mbili ni mwembamba, na atauona kila siku ya kazi mbele yake akiwa peke yake na kibodi.

Na fedha zinazotafutwa ni zipi? Hapa naomba kina mama mnisikilize vizuri. Mwezi wa Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ililisimamisha jahazi moja katika bahari ya nje ya Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini. Tani nzima na zaidi, kwa siku moja, katika jahazi moja. Ndio unga. Hakuna mtaa wetu, tangu Kisauni na Old Town mpaka Malindi na Lamu, usiokuwa na mama anayeficha sufuria zake chini ya kitanda ili mwanawe asiziuze. Tunawalilia vijana, tunawasomea dua, tunawapeleka kwenye vituo vya tiba. Lakini unga haulipiwi kwa mawe. Walipiwa fedha, na fedha hizo lazima zivishwe kanzu nyeupe kabla ya kutembea mchana: ziwe duka lisilo na wateja ila mauzo yake ni makubwa, ziwe nyumba ya ghorofa iliyonunuliwa kwa taslimu, ziwe gari lililoandikishwa kwa jina la shemeji. Mchuuzi mdogo wa kichochoroni akikamatwa, kesho yake yuko mwingine. Fedha zikizuiwa, aumiaye ni mwenyewe. Mkaguzi wa miamala ni miongoni mwa watu wachache mno wanaoweza kumfikia huyo mwenye unga bila ya kumwona.

Na wizi wa mali ya umma ni vivyo hivyo. Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5, kwa sababu fedha za kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa zilipita ndani yake na wajibu wa kuchunguza na kuripoti haukutimizwa. Mali ya vijana iliondoka, na waliokuwa wamekaa mlangoni hawakuuliza.

Nafahamu vilevile hofu ya majirani imetoka wapi, na si haki kuicheka. Sisi wa pwani na ndugu zetu wa kaskazini mashariki tumeonja upande wa pili wa mambo haya. Baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha. Kosa la wauaji halina utetezi. Lakini wajane na mayatima waliokuwa wakila kwa fedha za jamaa zao walioko ng’ambo walikuta milango imefungwa, mpaka leseni ziliporudishwa mwezi wa Juni. Ndipo lilipozoeleka sikio kwamba hawala ni neno la kigaidi. Hawala! Mlango unaosomwa katika vitabu vya fiqhi na kila mwanafunzi wa madrasa, wa kuhamisha deni kutoka dhima ya mtu kwenda dhima ya mwingine, na Mtume (s.a.w.) amemwelekeza mwenye kudai kwamba akihamishiwa kwa mtu mwenye uwezo akubali.

Dawa ya dhulma ya kutojulikana si kukaa mbali na meza inapofanyika hukumu. Nitatoa mifano, kwa kuwa jambo hili ndilo linalonifanya nielekee kumwambia mama huyu amruhusu bintiye.

Chukua mchezo wa kina mama. Wanawake 20, kila Ijumaa, kila mmoja apeleka shilingi 5,000 kwenye simu ya mmoja wao, na jioni ile laki moja yatoka yote. Juma la pili, simu ni nyingine. Kwa tarakilishi hii ni picha ya hatari kabisa: watu wengi, kiasi kimoja, siku moja, mkusanyaji mmoja, kisha pesa zatolewa upesi. Mkaguzi aliyekulia kwetu, ambaye mamake alinunua friji kwa zamu yake ya mchezo, ataona duru inazunguka kwa zamu na kila aliyetoa huja akapokea. Ataandika hivyo kwa lugha inayokubalika ofisini, na faili litafungwa. Asiyejua ataandika nini?

Chukua kiongozi wa msafara wa Hija, aliyepokea fedha za mahujaji 40 kwa miezi miwili na kuzituma Saudia kwa mkupuo. Chukua michango ya maziko, inayoingia usiku mmoja kutoka kwa watu mia wasiojuana, kwani maiti kwetu haingoji wiki. Chukua zaka katika kumi la mwisho la Ramadhani. Chukua msichana anayefanya kazi za nyumbani Riyadh na kumtumia mamake kila mwezi. Haya yote ni mienendo ya jamii yenye dini na udugu, na yote yaonekana mageni kwa macho ya mbali.

Na majina! Kwetu mtu hutajwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Akina Mohamed Ali Omar wangapi wako Kisauni peke yake? Wateja hulinganishwa na orodha za vikwazo, mojawapo ikiwa ile ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa iliyotokana na azimio la 1267 la mwaka 1999, na mashine hutazama herufi. Itakuambia kwamba Mohamud na Mohamed ni mtu mmoja aliyeandikwa vibaya, ambapo hata mtoto wa chuoni ajua kwamba Mahmud ni jina na Muhammad ni jina. Itakuambia tarehe ya kuzaliwa inalingana, kwa kuwa mzee na yule anayetafutwa wote wameandikiwa tarehe 1 Januari. Na kila mwenye babu ajua kwa nini wazee wetu wengi wamezaliwa siku hiyo. Kosa la mashine hapo laweza kumzuilia mgonjwa fedha za upasuaji. Aliyeketi pale akijua majina yetu humwondolea mja wa Mungu dhiki ambayo huenda mwenyewe asijue kwamba ilimkaribia.

Wala asidhani mtu kwamba nataka mabinti zetu waketi pale ili wawafunike wenzao. Kuijua sadaka ndiko kunakokupa kuitambua sadaka ya uongo. Msikiti unaojengwa kweli una kamati, una fundi, una risiti za saruji na kokoto, na ukuta wake wapanda. Akaunti iliyojaa “michango ya msikiti” kwa mwaka mzima bila ya hata risiti moja ya mchanga, mkaguzi Mwislamu ndiye wa kwanza wa kuiuliza, kwa kuwa jina la dini yake ndilo lililotumiwa kuwa pazia. Suratun Nisaa imetuamrisha tusimame na uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kengele ikilia juu ya akaunti ya mjombake, haifungi wala haiandiki. Amwambia mkubwa wake, “Huyu ni jamaa yangu,” na faili lapewa mwingine. Utaratibu huo umewekwa makazini, na mahali usipokuwako na autake.

Jirani naye asiandikiwe ripoti kwa alilosikia kisimani. Ile methali yetu ya “lisemwalo lipo” haimo katika ushahidi wa kisharia, na katika ofisi hizi pia haimo. Kinachoandikwa ni tarehe, kiasi, njia, na maelezo ya mteja yalivyopingana na vitendo vyake. Sheria humkinga aliyeripoti kwa nia njema. Aliyeripoti kwa husuda hana kinga mbele ya Mola wake.

Lililobaki zito ni ulimi. Ripoti ikishaandikwa, kumdokeza anayehusika ni kosa la jinai, hata kwa mzaha, hata kwa kumwonea huruma. Binti atajua mambo ya watu ambao atakutana nao harusini, atawapa mkono, na atanyamaza. Kwa hivyo wewe mama, usimuulize. Usimuulize juu ya fulani aliyejenga haraka, usimtume kwa shoga yako mwenye kulalamika kwamba akaunti yake imefungwa. Nyumba nyingi zetu hazina siri baada ya sala ya Isha. Hii itabidi iwe nayo. Huenda babake ameliona hilo mapema kutushinda, na ndiko kunyamaza kwake.

Kuhusu mwanamke katika jambo hili, sioni tatizo. Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili, uhifadhi na ujuzi, na hakuna katika hizo iliyo ya wanaume pekee. Imepokelewa pia kwamba Umar alikuwa akimpa Bi. Shifa binti Abdillah, aliyemfundisha Bi. Hafsa kuandika, baadhi ya mambo ya soko. Wako wanavyuoni walioitilia shaka riwaya hiyo ya soko, nami siifanyi kuwa hoja peke yake.

Sasa riba. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuila, mwenye kuilisha, mwenye kuiandika na mashahidi wake. Baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi wakasema kila kazi katika benki ya riba ni kusaidia, hata kazi ya bawabu. Wengine wakatofautisha kati ya mwenye kuandika mkataba wa mkopo na mwenye kazi isiyogusa riba, hasa palipo na haja. Nami naelekea kwa hawa wa pili, kwa sharti: atafute kwanza penye usafi zaidi. Tangu mwaka 2008 Kenya imekuwa na benki zinazofuata sharia, na zipo takaful, kampuni za kutuma fedha, na huduma za pesa za simu. Zote zinahitaji wakaguzi. Akikosa huko, kitengo hiki ni katika vilivyo mbali na mkataba wa riba. Akiwekwa kuidhinisha mikopo, aondoke.

Nafasi zenyewe zaongezeka, na sababu ipo. Februari 2024 taasisi ya kimataifa ya FATF, iliyoundwa mwaka 1989 na yenye makao yake Paris, iliitia Kenya katika orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi zaidi, ile wanayoiita ya kijivu. Katika mkutano huohuo Uganda na Umoja wa Falme za Kiarabu zikatolewa. Nchi ikiwamo humo, benki za nje huuliza maswali zaidi kabla ya kupitisha fedha, na mashirika ya hapa hulazimika kuwa na watu wa kuyajibu. Vijana wa sheria, uhasibu, biashara na takwimu wote hupokelewa. Ajifunze majedwali ya tarakilishi vizuri, na ajifunze kuandika ripoti fupi yenye kueleweka, kwa Kiingereza, maana ripoti ndiyo kazi. Iko shahada ya kimataifa iitwayo CAMS, lakini asiikimbilie kwa mkopo kabla ya kuajiriwa. Baadhi ya waajiri huilipia. Na yeyote anayedai hongo ili ampatie mtu kazi ya kuzuia fedha chafu, huyo hana haja ya maelezo yangu.

Kabla ya kutia saini, binti aulize zamu za usiku zikoje na atarudi nyumbani kwa usafiri gani, sala ataziswali wapi, na faili ngapi hutarajiwa kwa siku, kwani mkaguzi anayeharakishwa hufunga asiyoyasoma. Majibu yakiridhisha, naona aende.

Juma lijalo, inshaallah, nitajibu swali la nyumba moja ya Majengo yenye warithi kumi na mmoja na mlango mmoja. Wallahu a’lam.